Bucha Iliyouza Maharage

Watu wanasema niliolewa na mtoto wa Mama Shoka. Ukweli ni kwamba niliolewa na bucha. Mume wangu ni dereva wa lori, leo yuko huku, kesho yuko kule, na hata rangi ya hina haijanitoka mikononi, mama mkwe wangu alinifunga aproni kiunoni, akanipa kisu kirefu na kinoo, akaniambia, "Haya, mwanangu. Mumeo atarudi akirudi. Nyama haingoji mtu."

Bucha yenyewe ilikuwa chumba kilichochomoza mbele ya nyumba, kikitazama barabara ya vumbi inayoteremka sokoni. Kuta nyeupe, dirisha la wavu wa kuzuia nzi, bomba la chuma lenye kulabu, mizani, na gogo la kukatia ambalo lilikuwa limebonyea katikati kama bakuli kwa kupigwa miaka nenda miaka rudi. Nyuma ya chumba kulikuwa na ua, na ndani ya ua ndiko kulikuwa na jiko, vyumba vya kulala na kelele zote za familia.

Jina la Mama Shoka hakupewa kwa ukali. Alipewa kwa sababu hakupiga mfupa mara mbili. Akishusha shoka, mfupa umekatika, kwisha. "Mfupa ukiugonga-gonga unamwaga vijiti," alinifundisha, "na kijiti kimoja kinatosha kumtoboa mtoto wa watu koo." Mumewe alipofariki akamwacha bado mbichi na watoto wawili, kila mtu alitegemea kwamba bucha itachukuliwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu, mfanyabiashara wa ng'ombe. Shemeji mwenyewe alikuja na maneno matamu: hii ni kazi ya wanaume, damu, mapanga, kuamka alfajiri kwenda machinjioni. Mama Shoka alimsikiliza mpaka mwisho, akajifuta mikono, akasema, "Shemeji, kisu hakiulizi kimeshikwa na nani." Wakakubaliana hivi: yeye atanunua ng'ombe kule malishoni na kuwaleta mjini, mama mkwe atakata na kuuza. Ndivyo walivyoishi, wakigombana kila siku na kushiba kila siku.

Nilipoingia mimi katika familia, mji ulikuwa umenenepa. Zamani, mume wangu huniambia, nyama ililiwa siku moja moja, na mtoto aliyekula alikaa nje makusudi bila kunawa ili wenzake wanuse vidole vyake. Sasa nyama ilikuwa ya kila siku. Nyumba isiyonukia nyama jioni ilidhaniwa ina msiba au imefulia. Watu waliokuwa wakila kunde na mboga za majani kwa raha zao walianza kuzipika kwa siri, dirisha wamefunga. Nasi tuliuza. Asubuhi kulabu zimejaa, jioni zinaning'inia tupu, na mama mkwe wangu anaimba akiosha gogo kwa maji ya moto na chumvi.

Kisha baba mdogo, huyo shemeji yake, akaanguka kutoka kwenye lori akavunjika mguu.

Ng'ombe lazima wanunuliwe, na Mama Shoka hakumwamini mtu mwingine kuchagua. "Nitakwenda mwenyewe," akasema. Mume wangu akaendesha, mimi nikakaa katikati, mama mkwe dirishani na kitambaa kichwani. Njia nzima alisimulia. Alikwenda kule mara moja tu maishani, akiwa bibi harusi, marehemu alipotaka kumwonyesha nyama inakotoka. Nyasi zilimfika kiunoni, alisema. Kulikuwa na msitu mgongoni mwa kilima, na chini ya msitu chemchemi, maji baridi mpaka meno yanauma. Alivua viatu akatia miguu, na marehemu akamwambia asiwe mshamba, ng'ombe wanakunywa hapo. "Na mimi nikamwambia, basi ng'ombe watakunywa mguu wa bibi harusi, wana bahati gani!" Alicheka peke yake hadi akapaliwa.

Tulipofika alidhani mwanawe amepotea njia.

Kilima kilikuwa kimekaa uchi. Udongo mwekundu, visiki vyeusi, na makorongo ambayo yangeweza kumeza lori letu na sisi ndani yake. Upepo ulipopita uliondoka na vumbi kama anayekung'uta mkeka. Mama Shoka alishuka, akasimama ameshika mlango wa lori.

Mfugaji aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mkavu, aliyerithi mifugo kwa baba yake. Alimjua baba mdogo, na baba yake alimjua marehemu, kwa hiyo tulisalimiana kama ndugu. Mama mkwe hakungoja hata maji ya kunywa.

"Dada, ule msitu umekwenda wapi?"

"Mmeula," mfugaji akajibu.

"Tumeula? Sisi?"

"Nyinyi na sisi. Zamani lori lilikuja mara moja moja, tukiuza madume yaliyokomaa na kubaki na wengine. Sasa lori linakuja kila leo, na hata waliochukuliwa jana hatujamaliza kuwahesabu. Ng'ombe wengi wanataka nyasi nyingi. Nyasi zikaisha, tukakata miti ili nyasi ziote. Zikaota, tukaongeza ng'ombe. Halafu ikaja mvua moja, ikachukua udongo wote ikaenda nao huko kwenu bondeni." Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. "Sikulaumu, dada yangu. Mkono mmoja haupigi makofi. Njoo uchague."

Waliokuwa wamesimama zizini walikuwa mitamba, majike wachanga ambao hawajazaa. Ndio baba mdogo alikuwa akiwataka, kwa sababu nyama yao ni laini na wenye migahawa wanaishangilia. Mama Shoka alipita katikati yao akiwagusa, mgongo, mbavu, nyonga, kama alivyozoea. Kwa mmoja akasimama. Akaweka kiganja tumboni, akakiacha hapo.

"Huyu ana ndama."

"Anao," mfugaji akasema. "Shemeji yako alishamchagua."

Mama mkwe wangu, mwanamke aliyechinjisha na kukatakata ng'ombe maisha yake yote, mikono imejaa makovu ya kisu, alisimama pale akisikiliza kitu kinachopiga teke ndani ya mnyama. "Huyu abaki," akasema. "Na hawa wenzake wabaki." Akachagua madume machache ya umri mkubwa, tukarudi na lori nusu tupu. Njia nzima hakusimulia chochote. Mume wangu aliniangalia mara mbili tatu, nami nikamfanyia ishara: nyamaza, endesha.

Tulipokaribia nyumbani jua lilikuwa linazama, akaomba tumshushe nyuma ya mgahawa mkubwa wa pale njia panda, anyooshe miguu. Mwenye mgahawa alikuwa mteja wetu mkubwa kuliko wote. Nikashuka naye. Mfanyakazi alikuwa akimwaga ndoo za mabaki mtaroni: wali, mifupa, na vipande vya nyama vilivyoumwa pembeni tu na kuachwa. Mama mkwe aliinama, akaokota kipande kimoja kwa vidole viwili.

"Mama, acha uchafu huo!"

"Hii nimeikata mimi," akasema. "Tazama. Huu ni mkato wangu."

Na kweli, ukiwa umefanya naye kazi unaujua mkato wake, umenyooka kama umechorwa kwa rula. Akaingia nacho mgahawani hivyo hivyo, kinadondosha maji ya mtaro, akakiweka mezani mbele ya mwenye mgahawa aliyekuwa akinywa chai.

"Bwana, kipande changu hiki nimekikuta mtaroni."

Yule bwana alicheka. Hakuwa mtu mbaya. "Mama Shoka, ukishaniuzia si chako tena. Ni changu, na nikimpa mteja ni chake. Akitupa, katupa chake."

"Na yule ng'ombe?"

"Ng'ombe gani?"

Mama mkwe akatoka bila kuaga, jambo ambalo sijamwona akilifanya kabla wala baada.

Kesho yake ndipo vituko vilipoanza. Mteja wa kwanza alikuwa fundi cherehani wa mtaa wetu, mama mmoja mcheshi mwenye futi la kupimia shingoni kama mkufu. Akaagiza kama kawaida yake. Mama Shoka akashika kisu, akatulia.

"Nyumbani mko wangapi siku hizi?"

"Mimi, mzee, na binti."

"Na jana ilibaki?"

"Ilibaki kidogo, tukampa paka."

"Basi chukua nusu. Nitakukatia na mfupa wa bure, upike na kunde. Kesho ukiitaka tena, mlango uko wazi."

Fundi akanitazama mimi, akatazama mizani, akatazama juu kama anayetafuta shahidi. "Mama Shoka, leo unauza au unahubiri?"

"Nauza, mwanangu. Ningekuwa nahubiri ningekuwekea kiti."

Wengine walicheka wakachukua nusu. Wengine walinuna. Yuko aliyesema kwa sauti barabarani kwamba sasa katika mji huu mtu anaulizwa hata idadi ya midomo yake. Mwenye mgahawa alituma ujumbe kwamba anataka mitamba, nyama laini. Mama mkwe akajibu kwamba hana na hatakuwa nayo. Na yule bwana akahamia bucha ya pili, ng'ambo ya soko. Kulabu zetu zikaanza kulala na nyama. Mimi nilikuwa mjamzito wakati huo, na nikiona nyama imebaki roho inanidunda. Nilimwuliza mume wangu usiku kama mama yake anaumwa. Akasema, "Mama haumwi. Ameona kitu. Akiona kitu huwa hivyo."

Gunia la maharage lililetwa siku ya soko. Likafuata la kunde, likafuata la dengu. Mama Shoka akayapanga mbele ya bucha, midomo imekunjwa vizuri, chini ya dirisha la nyama. Baba mdogo, mguu bado uko kwenye plasta, alisikia habari hiyo kitandani akaja akichechemea na magongo yake. Alisimama barabarani akitazama magunia.

"Shemeji," akasema taratibu, "bucha inayouza maharage ni kama kinyozi anayeuza kofia."

Mama Shoka alicheka mpaka akashikilia gogo. Machozi yakamtoka kabisa. Kisha akajifuta, akasema, "Kaa chini, shemeji, mguu utavimba. Nikuulize. Umekwenda kule malishoni miaka yote. Uliuona ule msitu ukiisha?"

Baba mdogo akachezea gongo lake. "Niliona."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ufanye nini? Watu wanataka kula, mimi naleta. Nisipoleta mimi, ataleta mwingine."

"Ataleta. Lakini hatanipa mimi nikate."

Walibishana hadi adhuhuri. Mimi nikihudumia wateja huku sikio liko kule. Hakuna aliyeshinda, ila baba mdogo alikula chakula cha mchana kwetu, na chakula chenyewe kilikuwa maharage. Alikula sahani, akaongeza sahani, na kati ya tonge na tonge aliendelea kusema kwamba ni upuuzi mtupu.

Maana Mama Shoka alijua kupika. Hilo ndilo watu walilokuwa wamelisahau, kwa sababu mwenye bucha hakumbukwi kwa sufuria. Maharage aliyaloweka usiku kucha. "Maharage yasiyolowekwa," aliniambia, "yanakula mkaa kama mgeni asiyeaga." Mifupa aliichoma kwanza juu ya makaa hadi ikatoa harufu, ndipo akaitia sufuriani. Nyama aliikata vipande vidogo, vyote pamoja kiasi cha kujaa kiganja, akaikaanga bila haraka mpaka ikashika chini ya sufuria, akaikwangua, akaikaanga tena, halafu akamwagia maharage juu yake. Ukila unaapa kwamba nusu ya ng'ombe imo humo. Akaanza kuweka jiko la mkaa mbele ya bucha kila alasiri na kuonjesha wapita njia kwa kijiko. Fundi cherehani alionja, akafumba macho, akaniambia, "Mwambie mkweo asipike karibu na kazi yangu, nimejidunga sindano kidoleni."

Mambo yangeenda hivyo, pole pole, nusu kicheko nusu hasara, kama wifi yangu asingechumbiwa.

Wifi, binti wa mwisho wa nyumba, alipata mchumba kutoka familia yenye kiwanda cha mikate na jina kubwa. Wakwe hao walikuwa watu wa kupendeza, lakini harusi zao zilijulikana: ng'ombe wa kuchinjwa walipangwa mstari, na wageni waliondoka na vifurushi. Baba mdogo alikwisha kupiga hesabu kichwani hata kabla ya siku kutajwa. "Madume manne," akasema kwenye kikao cha familia, "chini ya hapo tutachekwa mpaka kaburini."

"Mmoja," Mama Shoka akasema.

Kikao kikavunjika. Baba mdogo akaondoka akigonga magongo. Wifi akaingia chumbani akalia, nami nikamfuata nikiwa na tumbo langu kubwa, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Mama mkwe akaja akasimama mlangoni.

"Siku yangu ni moja tu, mama," wifi akasema ndani ya mto. "Wewe ni mwenye bucha. Wote watakuja wakitazama nyama. Watasema mama yake ana kulabu tupu."

Nilitegemea Mama Shoka aanze kueleza msitu na makorongo. Hakueleza. Akakaa sakafuni, mgongo umeegemea kabati, akavua kitambaa chake cha kichwa. Nywele zilikuwa nyeupe kuliko nilivyokuwa nimeona.

"Ukiniambia nichinje wanne, nitachinja wanne," akasema. "Siku ni yako, si yangu. Sitaolewa tena mimi. Lakini ng'ombe wa harusi yako nenda ukawachague mwenyewe. Kaka yako atakupeleka. Wowote utakaorudi nao, nitawakata, na sitasema neno."

Wifi akaenda. Mimi sikwenda, kwa hiyo sijui aliona nini na yule mfugaji alimwambia nini. Ninachojua ni kwamba alirudi jioni viatu vyake vya kizungu vimekuwa vyekundu kwa vumbi, akapita moja kwa moja hadi jikoni alikokuwa mama yake, akasema, "Nimemleta mmoja. Dume zee. Atachelewa kuiva, mama, anza kuchemsha mapema." Wakatazamana, na Mama Shoka, ambaye sikuwahi kumwona akilia hata siku ya kumbukumbu ya marehemu, akageuka akaanza kukoroga sufuria isiyokuwa na kitu.

Alfajiri ya harusi ua ulikuwa umejaa wanawake, mioshi na vicheko. Dume lilikuwa limeshachinjwa, na mama mkwe alikuwa akilikata kama sijawahi kuona mtu akikata nyama. Hakuna kilichokwenda kwa mbwa. Kichwa na miguu vilikwenda kwenye supu, mkia ukatengwa kwa wazee, maini yakakatwa nyembamba kama karatasi ili kila meza ipate, utumbo ukasafishwa na kukaangwa na pilipili, mifupa ikachomwa kwa ajili ya maharage, na mafuta yakayeyushwa kwa ajili ya wali. Viazi, maboga na mboga za majani vilikuwa vimerundikwa hadi kwenye kizingiti.

Ndipo lango likafunguliwa, baba mdogo akaingia na madume mawili kwa kamba.

"Sikulala," akasema. Na kweli macho yalikuwa mekundu. "Shemeji, nakuomba. Kwa heshima ya kaka yangu."

Hakuna aliyejibu, kwa sababu dume moja lilijibu kwa niaba yetu. Lilikuwa limeliona tao la maua tulilofunga mlangoni kwa ajili ya bibi harusi, likavuta kamba, likamkokota baba mdogo na mguu wake mbovu, na kabla mtu hajapiga kelele lilikuwa limeshakula nusu ya tao na utepe wake. Wifi alitoka chumbani nywele hazijamalizika kusukwa, akaona, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Wanawake wote wakaangua kicheko. Baba mdogo mwenyewe, kamba mkononi, alijaribu kukasirika akashindwa.

Mama Shoka akaenda, akaishika ile kamba, akamfunga dume kwenye nguzo, akampa na majani ya maboga.

"Shemeji," akasema, "huyu amekuja harusini na ameshakula. Ni mgeni. Na mgeni hachinjwi."

Madume yale mawili yalihudhuria harusi nzima, yamefungwa kando ya ua, yakitafuna. Watoto waliyavisha mabaki ya maua.

Nisiseme uongo kwamba kila mtu alifurahi. Meza ya nyuma, vijana wa upande wa bwana harusi, waliuliza nyama choma iko wapi, wakanong'onezana, wakaondoka mapema kwenda kuitafuta kwingine. Mama wa bwana harusi alipoletewa sahani aliigeuza-geuza kwa kijiko kama anayetafuta hereni iliyodondoka. Kisha akala. Hakusema kizuri wala kibaya. Lakini nilimwona mimi, niliyekuwa nikizungusha maji ya kunawa, akiinamisha sahani ili kijiko kipate mchuzi wa mwisho, na alipoona nimemwona akatabasamu kama msichana aliyekamatwa jikoni. Masinia yalirudi meupe. Mbwa wa mtaa wote walikuwa wamekaa nje ya lango tangu asubuhi. Jioni walikata tamaa wakaondoka mmoja mmoja.

Mjini waliiita harusi ya maharage. Mwanzoni lilikuwa jina la kejeli. Baadaye mama mmoja alikuja bucha akauliza kwa aibu, kama anayeulizia dawa, ile harusi ya maharage ilipikwaje, maana binti yake naye anaolewa na uwezo wao si wa ng'ombe wanne. Akaja mwingine pia, na huyo uwezo alikuwa nao. Mama Shoka aliwapikia wote, mimi nikiwa msaidizi wake, mtoto wangu mgongoni.

Bucha haikurudi kama zamani. Tunauza nyama kidogo kuliko wakati ule, na magunia yamekuwa mengi kuliko kulabu. Mwenye mgahawa hajarudi, na bucha ya ng'ambo ya soko inajaa kila siku. Mji haujaacha kula. Kule malishoni, mfugaji na jirani zake wachache wamezungushia uzio ule mteremko wa chemchemi, hawapeleki ng'ombe huko, na nyasi zimeanza kuota, fupi na ngumu, na miti miwili mitatu ya kimo cha goti. Mteremko mwingine wote bado ni mwekundu. Baba mdogo ananunua madume yaliyokomaa tu, na akienda hujaza lori kunde za wakulima wa njiani wakati wa kurudi. Anadai ni biashara tu, haina uhusiano na maneno ya shemeji yake, na sisi tunakubaliana naye ili tuishi kwa amani.

Bega la Mama Shoka limechoka siku hizi. Shoka nimeachiwa mimi, na naungama bado mara nyingine napiga mfupa mara mbili, naye akiwa uani anasikia, anakohoa. Ng'ambo ya barabara wamepanga mabinti wanaosomea uuguzi, watoto wa watu waliotoka kwa mama zao bila kujua hata kuosha mchele. Kila Jumamosi wanakuja uani kwetu kujifunza kupika. Juzi mmoja wao, akiwa anachambua dengu, alimwuliza, "Bibi, kwa nini unaichukia nyama na wewe ni mwenye bucha?"

Mama mkwe wangu alikuwa ameshika mfupa wa goti, akinyonya uboho. Hakuuacha. Alinyonya mpaka ukaisha, akaupiga kwenye kiganja kuhakikisha, akautazama ndani kwa jicho moja kama anayechungulia tundu la ufunguo.

"Nani kakudanganya?" akasema. "Hakuna mtu mji huu anayeipenda nyama kama mimi. Hebu niletee chumvi, mwanangu, na hizo dengu zako bado zina mawe."